Besi yenye umbo la fidla: miaka miwili ya kuishi nayo

Siku ya kwanza nilipoitoa besi hii, gitaa la nyuzi nne la sauti nzito, kwenye mfuko mbele ya wenzangu wa bendi, mzee wetu wa fidla, ambaye alianza kupiga taarab Unguja kabla sijazaliwa, aliishika, akaigeuza, akaigonga mgongoni kwa kidole cha kati, kisha akaniuliza, "Mwanangu, fidla hii umeilisha nini hata ikanenepa hivi?" Nilicheka pamoja na wengine, lakini kidole chake kilikuwa kimeshagundua jambo ambalo mimi lilinichukua miezi kulielewa: ndani hamna kitu. Ni sanduku tupu la mbao nyembamba, lenye mgongo uliobinuka kama wa fidla halisi, na karibu kila zuri na kila baya nitakaloeleza hapa linatokana na utupu huo.

Umbo lenyewe si geni. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa besi ya umeme yenye sura ya fidla mwaka 1953, ila ile ilikuwa ya mbao nzito isiyo na uwazi ndani. Iliyokaa vichwani mwa watu ni ya Wajerumani, Höfner 500/1, iliyobuniwa na Walter Höfner mwaka 1955 na kuonyeshwa hadharani Frankfurt mwaka uliofuata. Ukoo huo ulikuwa wa mafundi wa fidla tangu mwaka 1887, katika mji wa Schönbach ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukahamia Bavaria. Fundi wa fidla akiambiwa atengeneze besi ya umeme, hatatafuta gogo la kuchonga. Atakunja mbavu, yaani mbao za pembeni, atabinua uso na mgongo, ataviunganisha kwa gundi, na shingo ataigundisha badala ya kuifunga kwa skrubu. Ndivyo ilivyokuwa: uso ni wa mbao laini ya jamii ya msonobari, mgongo na mbavu ni za mbao ngumu ya mepo.

Paul McCartney, mpiga besi wa The Beatles, aliinunua ya kwake Hamburg mwaka 1961 kwa kiasi cha pauni 30. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na aliipenda kwa kuwa pande zake mbili zinalingana, hivyo hata ikigeuzwa haionekani kituko. Besi hiyo iliibwa London mwaka 1972 na habari za kupatikana kwake zikatangazwa Februari 2024, baada ya zaidi ya miaka 50.

Yangu si hiyo, wala si ya Ujerumani, kwa sababu 500/1 inayotengenezwa huko leo inazidi euro 2,000 na mimi ni mpiga besi wa kwaya na wa harusi hapa Dar es Salaam. Yangu ni nakala ya kampuni nyingine, iliyokwisha kutumika, ambayo mdogo wangu anayeishi Hamburg alininunulia kwa euro 250 na kuja nayo mkononi ndani ya ndege. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa nakala za aina hii zinafanana sana na nisingependa mtu adhani kasoro za gitaa langu ni za kiwanda kizima.

Jambo la kwanza utakaloligundua ni uzito. Besi ya kawaida ya mbao nzito hufika kilo 4 au zaidi, na anayepiga harusi kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku anajua bega lake linavyosema kesho yake. Hii haifiki hata kilo 3. Urefu wa uzi kati ya pande zake mbili za kuegemea ni inchi 30, ilhali besi nyingi zina inchi 34, kwa hiyo freti, vile vyuma vyembamba vinavyovuka shingo, zimekaribiana na vidole havitanuki sana kule juu ya shingo. Mwanzoni nilikuwa nazidisha, naruka freti moja mbele ya ile niliyoitaka, na ilinibidi nifanye mazoezi wiki tatu hivi kabla mkono wa kushoto haujakubali vipimo vipya. Mtu mwenye mikono midogo, au kijana anayeanza, atafurahi tangu siku ya kwanza.

Sauti ndiyo iliyonifanya nisiiuze. Noti huanza nene, yenye tumbo, halafu hufifia mapema, kama mtu anayesema neno moja zito na kunyamaza. Kwenye nyimbo za kisasa zinazohitaji besi ivute na kunguruma, huo ni upungufu mkubwa. Kwenye taarab ya asili, ambako zamani kazi hii ilifanywa na lile besi kubwa la kusimama, ni neema tupu, maana kila noti inaondoka kabla ya kumkanyaga mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na ngoma inapata nafasi ya kusikika. Hali ni hiyo hiyo kwenye zilipendwa za muziki wa dansi na kwenye kwaya. Lakini yote haya ni ikiwa utafunga nyuzi bapa, zile ambazo juu yake zimezungushiwa utepe laini badala ya waya wa mviringo. Gitaa langu lilikuja na nyuzi za waya wa mviringo, na kwa wiki mbili nilidhani nimeuziwa sanduku la bati. Nyuzi bapa fupi ni ghali na hapa mjini sijazipata kwa urahisi. Niliziagiza, nikalipa, nikangoja. Wakati wa kuagiza pima kwanza, kwa kuwa nyuzi hufungwa kwenye kishikio cha chuma kilichoning'inia mkiani, mbali na daraja linaloinua nyuzi, na baadhi ya nyuzi zilizoandikwa kuwa fupi hazifiki.

Sasa vibonye, ambavyo nakala hii imevirithi kwa Höfner yenyewe pamoja na ukorofi wake. Kuna vidude viwili vya kuzungusha vya kuongeza na kupunguza sauti, kimoja kwa kila kinasa sauti, yaani kifaa cha chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, na swichi tatu za kusukuma. Swichi ya besi ukiiwasha haiwashi kitu. Inazima kinasa sauti kilicho karibu na daraja. Ya sauti kali ukiiwasha, inazima kile kilicho karibu na shingo. Ukiziwasha zote mbili kwa nia njema, gitaa linanyamaza, na mimi nilinyamaza nalo mbele ya mchungaji na waumini wote nikihangaika na waya. Zote mbili zikizimwa ndipo vinasa vyote vinafanya kazi. Swichi ya tatu imeandikwa ridhimu na solo, maneno ambayo kwa sisi tuliokulia kwenye dansi yana magitaa yake na wenyewe wake, ila hapa maana yake ni sauti ndogo na sauti kubwa tu. Mimi naiacha kwenye solo, nashusha kidogo kinasa cha darajani, na sizigusi tena.

Daraja ni kipande cha mbao kilichokaa juu ya uso bila gundi wala skrubu, kinashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Ukilegeza nyuzi zote nne kwa pamoja, linaanguka. Badilisha uzi mmoja mmoja, na kabla ya yote weka alama kwa vipande vya karatasi yenye gundi pale miguu yake inapokaa. Kulipanga nako kunataka subira: unapiga uzi kwa kuugusa tu juu ya freti ya 12, halafu unaubana hapo hapo na kupiga tena, noti iliyobanwa ikiwa juu zaidi, unalisogeza daraja nyuma kuelekea mkiani kwa unene wa ukucha, ikiwa chini unalileta mbele. Kwangu upande wa uzi mnene umerudi nyuma kuliko wa uzi mwembamba, kwa hiyo daraja limekaa upande, na kila anayeliona hunyoosha kidole kuniambia limepinda. Wakati wa masika mbao hunyonya unyevu, shingo inasogea, na nyuzi zinapanda au kushuka hadi nizungushe kidogo chuma kinachopita ndani ya shingo. Besi yangu ya zamani ya mbao nzito haikuwahi kunidai uangalizi wa namna hii.

Kasoro kubwa kuliko zote niliiona kwenye sherehe ya uwanjani. Fundi mitambo alikuwa amepanga maspika makubwa nyuma yetu, na nilipoongeza sauti ili nisizidiwe na kinanda, gitaa lilianza kuvuma peke yake, noti moja nzito ya chini iliyokuwa ikikua kila sekunde wakati vidole vyangu havijagusa kitu. Sauti ya spika ilikuwa inatikisa uso wa mbao, vinasa vinaichukua, vinairudisha kwenye spika, na mzunguko ukaendelea. Niliukandamiza uso kwa kiganja na kumalizia wimbo nusu nusu. Siku hizi napachika sifongo chini ya nyuzi karibu na daraja, nasimama pembeni ya spika na si mbele yake, na kwa kazi za uwanjani nabeba ile besi ya zamani bila kujadiliana na nafsi yangu. Zipo aina zenye gogo la mbao katikati ya mwili ambazo hazivumi kwa urahisi hivyo, lakini zinapoteza sehemu ya lile tumbo la sauti.

Mengine ni madogo. Kwa kuwa mwili ni mwepesi, kichwa huinamia chini ukiachia shingo, na mkanda mpana wa ngozi ndio uliotuliza. Tundu la kuchomekea waya lililegea mwezi wa pili. Fundi wa redio alilirekebisha kwa shilingi 5,000.

Ukionyeshwa moja inauzwa, icheze kwanza bila umeme na sikiliza kama kuna mtetemo wa gundi iliyoachia kwenye kiungo cha mbavu. Tazama pale shingo inapoingia mwilini. Ufa wa rangi si tatizo, ufa wa mbao ni tatizo kubwa. Halafu zima zile swichi mbili kabla hujamwambia muuzaji kwamba gitaa lake ni bovu.