MBA ya jioni Mwanza: darasani wako vizuri, nje hakuna anayewajua

Nimemaliza MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya jioni kwenye chuo kimoja cha biashara hapa Mwanza, jina nalihifadhi. Kwa mwenye kazi na familia, ratiba yao inabebeka: vipindi vinaanza watu wakishatoka ofisini. Mwalimu wa uhasibu ana CPA, cheti cha wahasibu wa kitaaluma, na amefanya ukaguzi muda mrefu; mpelekee hesabu za kupika, atakuonyesha hadi mstari zilipoanza kupikwa. Kwa somo lile pekee siijutii ada.

Kinachoniudhi ni mifano. Ugavi tulifundishwa kwa Walmart, maduka makubwa ya Marekani, ilhali pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa hapa Mwanza, wafanyabiashara wanapakia dagaa wa kwenda Kongo: bei, mikopo, usafiri, ushuru wa mpakani, somo zima liko sokoni. Hakuna aliyetupeleka. Na wanafunzi wenyewe huandika tasnifu juu ya mambo hayohayo, sangara, pamba, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), stakabadhi ghalani (hati ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani). Zikishasahihishwa zinafungiwa kabatini maktaba, halafu uongozi unalalamika kwamba chuo hakipandi kwenye orodha za ubora. Kitapandaje? Webometrics, orodha ya vyuo vikuu ambayo vyuo vyetu hupenda kujisifia, huangalia sana kazi za chuo zinavyoonekana mtandaoni na kunukuliwa na wengine. Orodha ya MBA ya gazeti la Financial Times la Uingereza tusiiote kwa sasa: bila ithibati ya AACSB au EQUIS, mihuri ya kimataifa ya ubora wa vyuo vya biashara, hawakutazami, na ukiwa nayo wanawauliza wahitimu wa miaka mitatu nyuma wanalipwa kiasi gani. Chuo changu hata namba yangu mpya ya simu hakina.

Badala yake wameweka bango kubwa barabarani. Mimi fedha ile ningemlipa mtu wa kupandisha tasnifu mtandaoni na mwingine wa kuwasaka wahitimu. Ningetangaza pia kila msimu wanafunzi wetu wangapi wamefaulu mitihani ya CPA ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hata kama idadi inaaibisha, maana waajiri wa huku CPA wanaielewa kuliko orodha yoyote.

Kuhusu usimamizi wa tasnifu, jiandae kufuatilia. Rasimu inakaa kwa msimamizi mpaka unasahau ulichoandika.

Ukiwa kazini Mwanza, Geita au Shinyanga na hutaki kuacha ajira, jiunge. Ukitaka jina la kukufungulia milango Dar au Nairobi, hapa bado. Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za mwalimu wa uhasibu.