Seva zinazojipunguza zenyewe, uzoefu wangu msimu wa korosho

Habari wakuu. Nipo Mtwara mjini, nina programu ya wakulima wa korosho, mkulima anaingiza namba yake anaona kilo alizopeleka ghalani, bei ya mnada na malipo yake yamefikia wapi. Siku za kawaida seva 2 (kompyuta zinazoendesha programu) zinatosha, ila bei ya mnada ikitoka Newala, Tandahimba, Masasi wote wanaingia kwa mpigo, ndo maana nikawasha ile huduma ya klaudi (seva za kukodi mtandaoni) inayoongeza na kupunguza seva yenyewe kwa kuangalia wastani wa mzigo wa prosesa.

Kuongeza haina shida. Kupunguza ndo kazi ipo aisee.

Msimu uliopita jioni ya mnada watu wakapungua, mfumo ukaanza kutoa seva toka 6 kurudi 2, na moja ya zilizotolewa ilikuwa katikati ya kutuma meseji za malipo, sa meseji haziichoshi prosesa kwahiyo mfumo uliona kama hakuna kazi. Ikazimwa, diski ikafutwa, logi zote (kumbukumbu za nini kimefanyika) zikaenda nayo, kuna wakulima wamepata meseji kuna hawajapata na sina pa kuangalia nani ni nani. Mzee mmoja wa Nanyamba akanipigia, "Mwanangu, hela yangu imeliwa?" Iliniuma sana.

Nikakaa nikasoma. Kumbe mfumo hauangalii kabisa seva ipi ina kazi! Hawa watoa huduma ninaowatumia mimi, mfumo unaanza na zoni (eneo zinapokaa seva) yenye seva nyingi, humo unatafuta iliyowashwa kwa mipangilio (settings) ya zamani zaidi, zikilingana unachukua iliyo karibu kumaliza saa yake ya bili. Basi. Loodi balansa (kinachogawa maombi ya watu kwa seva) inasubiri sekunde 300 maombi yaliyobaki yaishe, lakini hiyo inamsaidia aliyefungua ukurasa, kazi inayokwenda nyuma ya pazia haiijui.

Saiv seva ikishika kazi ya meseji inajiwekea kinga isitolewe, ikimaliza inaiondoa (kinga haizuii seva mbovu kubadilishwa, hilo lijue), logi zinahifadhiwa nje, na meseji isiyothibitishwa inarudi kwenye foleni ichukuliwe na seva nyingine. Minada iliyofuata seva zimepanda zimeshuka na hakuna mkulima aliyekosa meseji, bili ya usiku nayo imepungua.

Huduma hii naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwa sababu kinga inakuja ikiwa imezimwa, mpaka uitafute mwenyewe.