Uzoefu wangu: mahojiano ya uraia wa Marekani, kwa wanaoniuliza hapa Amu, yaani Lamu

Kila nyumba ninayoingia kuamkua, kahawa haijamiminwa nishaulizwa: ule mtihani wa uraia wa Marekani ukoje? Nimeeleza Mkomani, nimeeleza Langoni, nimeeleza hata ndani ya boti ya Mokowe huku injini inanguruma. Sasa naandika, anayetaka asome.

Hukumu yangu kwanza. Mahojiano yenyewe ni mepesi kuliko sifa zake. Kilicho kizito ni fomu, ile N-400 ya kuomba uraia, unayoijaza muda mrefu kabla ya kuitwa. Watu wanakesha na maswali ya historia, faili lao wenyewe hawalijui. Afisa analo mbele yake, na sehemu kubwa ya muda anakuuliza habari zako wewe, si za George Washington.

Nilijaza kwa intaneti, dola 710. Ukipeleka kwa karatasi ni 760, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba alipe 380, ila huyo atumie karatasi. Kabla ya hapo uwe umeishi na grini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, miaka 5, au 3 ikiwa mwenzio ni raia na mnakaa pamoja. Kisha unaitwa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Dada zangu wameniuliza sana: hukuvuliwa hijabu? Sikuvuliwa. Wanachotaka ni uso uonekane wote.

Kipengele cha safari ndicho kinachotuhusu sisi kuliko wengine. Fomu inataka kila safari ya nje iliyozidi saa 24 katika ile miaka 5, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Na sisi tunajijua. Mtu anakuja kufunga Ramadhani nyumbani, anasema ataondoka baada ya Idi. Mara kuna harusi, mara mgonjwa hawezi kuachwa, mara Maulidi hayo, nani aondoke wageni wanaingia msikiti wa Riyadha? Sasa hesabuni wenyewe, toka Ramadhani mpaka Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ni miezi mingapi. Safari moja ikizidi miezi 6, wao wanachukulia kwamba ukaazi wako umekatika, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako. Tena jumla ya muda uliokuwa ndani ya Marekani usipungue miezi 30.

Mimi nilitoa pasipoti zangu, ya zamani na ya sasa, nikafuata mihuri mmoja baada ya mwingine. Ilinifaa, kwa sababu afisa alichagua safari moja akataka kujua nilikwenda wapi na kufanya nini. Nikamwambia Lamu, kwa mamangu. Akauliza, Lamu ni nchi? Nikamweleza ni kisiwa cha Kenya, magari ya kuhesabu, mizigo inabebwa na punda. Alicheka akauliza zaidi, nami nikaendelea. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba hapo ndipo Kiingereza changu kilipokuwa kinapimwa. Mtihani wa kuzungumza hauna saa yake. Ni yale majibu unayotoa kuhusu fomu.

Ndoa. Unaulizwa ndoa zako zote, na kila iliyovunjika uonyeshe imevunjika vipi. Niliwahi kuachwa kabla ya mume huyu, na cheti changu cha talaka kilikuwa kimesajiliwa kwa kadhi. Nalisema hili hadharani kwa makusudi, kwa sababu huku wengi huachana kwa kauli na mashahidi, kila mtu akashika njia yake, karatasi hakuna. Dini imetimia, lakini afisa anataka karatasi. Nenda kwa kadhi kabla hujaondoka Kenya, maana kuitafuta ukiwa ng'ambo ni mashaka. Halafu lipo swali kama umewahi kuwa na ndoa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ami yangu aliposikia alikohoa. Kwao kuwa na wake wawili ni kizuizi cha uraia, hata ikiwa ndoa zote mbili zimefungwa kihalali hapa, na kuficha ni balaa kubwa zaidi kwa kuwa unajibu chini ya kiapo.

Aliniuliza pia kwa nini jina langu la mwisho si la mume wangu wala la wanangu. Nikamjibu kwamba kwetu mtu hubeba jina la babake na la babuye, na mke habadilishi kwa kuolewa. Akaandika, akaendelea. Ukitaka kubadilisha jina, fomu inakuruhusu kuomba papo hapo. Mimi sikuona haja.

Maswali mengine yatakushangaza: umewahi kuwa katika chama cha kikomunisti, umewahi kushiriki mateso ya watu, umewahi kucheza kamari ya haramu. Jibu kwa utulivu, usicheke. Moja la kuangalia sana ni la kujiandikisha kupiga kura. Kule unaweza kuulizwa kuhusu kura ukichukua leseni ya gari, na mwenye grini kadi akikubali tu kwa adabu, amejiandikia kesi. Na nyinyi wa miraa, ambao hapa mnakaa nayo barazani bila wasiwasi: kule iko katika kundi moja na dawa kali za kulevya. Msimtie mtu kwenye mkoba hata kishada.

Ile historia sasa. Nilipofanya mimi, orodha ilikuwa ya maswali 100. Afisa anauliza mpaka 10, ukifikisha 6 sahihi anaacha. Mpwa wangu wa hapa Amu ndiye aliyenisikiliza, kwa sauti za simu, usiku wake ukiwa mchana wangu, na sasa yeye anajua Bunge la Marekani kuliko mimi. Nilipata ya maseneta ni wangapi (100), wanakaa miaka mingapi (6), na mto mmoja kati ya miwili mirefu zaidi (nilitaja Missouri). Kusoma ni sentensi moja, kuandika ni sentensi moja, na unapewa nafasi tatu kwa kila moja. Ukianguka sehemu fulani unaitwa tena baada ya siku 60 hadi 90 kwa sehemu hiyo tu. Lakini waliotuma maombi kuanzia 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya: maswali 128, unaulizwa hadi 20, upate 12. Ukikuta mtu anauza vitabu vya zamani, mwachie.

Wazee wasikate tamaa. Aliyetimiza miaka 50 na ana miaka 20 ya grini kadi, au 55 na ana 15, anasamehewa Kiingereza. Anafanya kwa Kiswahili na mkalimani wake.

Kiapo ndicho kilicholeta mabishano makubwa nyumbani. Maneno yake yanasema unaacha utii kwa dola nyingine, na ami aliona hapo nimeuza nchi. Hakuna aliyeniomba pasipoti yangu ya Kenya. Walichochukua ni grini kadi. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 16, inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Ila sheria ya mwaka 2011 inakutaka uitangazie serikali ya Kenya uraia huo wa pili ndani ya miezi 3, na usipofanya ni kosa lenye faini au kifungo, au vyote viwili. Hili watu hawaambiani kabisa. Jingine: baada ya kiapo huna grini kadi na bado huna pasipoti mpya, kwa hiyo usikate tikiti ya kuja Amu mpaka pasipoti iwe mkononi.

Swali la mwisho wanaloniuliza wote ni nani sasa ninaweza kumchukua. Mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 hapangwi foleni ya viza. Ndugu anapangwa, na foleni hiyo ni ya miaka mingi sana. Nimemweleza mama, akauliza theluji inaanza mwezi gani, nilipomtajia akasema haendi. Dada, ambaye angepanda ndege kesho, nimemwambia aanze kutafuta cheti chake cha kuzaliwa.