Jicho limezimika ghafla: hospitali au Ayurveda?

Mzee wa Newala analala mzima, anaamka jicho moja lina kiza nusu ya chini, wala haliumi. Huenda damu imepungua kwenye neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Ndugu wanagawanyika: hawa wanasema hospitali ya Ligula, Mtwara, wale wanataka Ayurveda, dawa za asili za Kihindi.

Tuseme ukweli, hospitali haina muujiza hapa. Kwa aina iliyozoeleka ya tatizo hili, inayowapata zaidi wenye kisukari na presha, hakuna dawa iliyothibitika kurudisha nuru. Wanapima sukari na presha ili kulilinda jicho la pili. (Muulize daktari saa ya kumeza vidonge vya presha, ikishuka mno usingizini, neva inaweza kukosa damu.) Ila ipo aina ya wazee, ya mishipa ya damu kuvimba: kichwa kinauma, ngozi yake inauma ukichana nywele, taya linauma ukitafuna. Hiyo inataka steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) siku hiyohiyo, la sivyo jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache.

Ayurveda ina tarpana: unalala chali, jicho linazungushiwa ukuta wa unga uliokandwa, inamiminwa samli vuguvugu, unafumba na kufumbua. Huenda inaburudisha, sikatai. Lakini neva iko nyuma ya jicho, na hakuna ushahidi thabiti kwamba samli inairudishia damu. Baadhi ya dawa zake za kumeza zimekutwa na madini ya sumu, risasi na zebaki.

Kwangu mimi, hela ya korosho ianze na nauli ya Ligula, leo. Samli ingoje daktari aseme.