Kutoka Dar es Salaam hadi Makunduchi: siku ya familia katika Mwaka Kogwa

Familia ya Kenya inayotaka kuwaonyesha watoto sherehe ya kale nje ya nchi haina haja ya kwenda mbali, kwa kuwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, panafikika kwa siku moja kutoka Dar es Salaam, na watoto wataelewa mengi yanayosemwa na kuimbwa huko. Sisi tulitoka Mombasa kwa basi kupitia Lunga Lunga na Horohoro, tukalala Dar es Salaam. Tathmini hii inahusu siku iliyofuata, yaani boti, barabara na Mwaka Kogwa wenyewe, sherehe ya mwaka mpya ambayo huadhimishwa kila Julai kwa kufuata mwaka wa jua wenye asili ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waajemi.

Boti ya Kilimanjaro ya kampuni ya Azam Marine, tuliyoipanda asubuhi mapema, huchukua takriban saa mbili kufika bandari ya Malindi, mjini Zanzibar. Ni huduma ninayoisifu bila kusita, kwani viti vilikuwa safi, abiria walipangwa kwa utaratibu, na wahudumu walipita na mifuko kabla watu hawajaanza kutapika. Jambo hilo la mwisho si dogo, maana Julai ni msimu wa upepo wa kusi na bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka. Mwenye watoto na akae sitaha ya chini, upande wa nyuma, ambako boti hairuki sana. Pasipoti nazo ziwe mkononi, kwa sababu maofisa wa uhamiaji wa Zanzibar huzikagua hata kwa mgeni anayetoka Tanzania Bara.

Kutoka mjini hadi Makunduchi kuna daladala ya namba 310, ya bei nafuu lakini yenye msongamano mkubwa siku ya sherehe. Kwa ajili ya watoto tuliamua kukodi gari kupitia wakala mmoja wa utalii, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Barabara ni nzuri, na msitu wa Jozani, wanakoishi kima punju, ni burudani tosha kwa mtoto aliyechoka. Hata hivyo, wakala huyo alikuwa amepanga tuondoke mara tu kibanda cha makuti kinachochomwa katika sherehe kitakapowashwa moto, kana kwamba moto ule ndio sherehe nzima, na ilibidi tumlipe dereva nyongeza ili akubali kusubiri. Patana kuhusu saa ya kurudi kabla hujatoa pesa yoyote.

Sherehe yenyewe ni uwanja mpana wenye vumbi, ambapo wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa magomba, yaani mashina ya migomba, ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie hapo. Ukiwa karibu, utaona gomba likimpiga mtu mgongoni, likachanika nyuzinyuzi na kurusha maji yake hadi kwa watazamaji, kisha aliyepigwa akainama kuokota jingine huku akicheka. Watoto wetu hawakuogopa hata kidogo. Baadaye mzee huingia katika kibanda cha makuti, kibanda kikawashwa moto naye akatoka mbio, na watu wote hugeuka kutazama moshi unaelekea upande gani, kwa kuwa mwelekeo wake husomwa kama ishara ya mwaka unaoanza.

Mimi lakini nililovutiwa nalo zaidi ni nyimbo za wanawake. Hupita kwa makundi wakiwa wamevaa nguo zao bora, wakiimba mafumbo na vijembe vya mapenzi, na baadhi ya maneno ni makali kiasi kwamba mzazi atalazimika kubuni maelezo ya haraka. Mgeni asiyejua Kiswahili huliona jambo hili kama gwaride tu, ilhali kwa msikilizaji wa lugha ndimo ulimo utamu wote.

Baada ya hapo watu hurudi majumbani kula, na huu ndio wakati ambao magari ya watalii hukimbilia mjini. Wenyeji huamini kwamba si heri kwa nyumba kukosa mgeni siku hiyo, na imani hiyo inatekelezwa kwa vitendo: mama mmoja tusiyemjua alituita kutoka kibarazani kwake, akatandika mkeka, akatuletea sinia la pilau na kachumbari, na hakukubali kabisa tumlipe. Tuliwaachia watoto wake sukari na biskuti, ambavyo ni vyema kuwa navyo kwenye mkoba.

Upungufu upo. Uwanjani kivuli ni haba, hatukuona mahali palipotengwa kwa ajili ya watoto wadogo, na wapiga picha wageni husukuma watu bila adabu wakati wa moto. Beba maji, kofia na kanga ya ziada, na mavazi ya familia nzima yawe ya heshima.

Kwa jumla naipa siku hii alama za juu, kwa sharti moja: usipange kurudi Dar es Salaam jioni hiyohiyo. Tafuta chumba Makunduchi kwenyewe au Jambiani iliyo jirani, na ukitafute mapema, maana siku za Mwaka Kogwa vyumba hujaa, na ngoma huendelea hadi usiku.