Boksi la DVD la "Murder, She Wrote": Angela Lansbury kwa misimu 12

Kabla hujatoa hela kununua tamthilia hii ya upelelezi ya televisheni ya Marekani, uliza boksi limetoka wapi, maana DVD hufungiwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakoruhusiwa kuchezwa. La Marekani ni la kanda ya 1, na Afrika Mashariki tuko kanda ya 5, kwa hiyo deki isiyofunguliwa kanda zote italitema. La Uingereza, kanda ya 2, lina kikwazo hichohicho.

Kero kubwa iko kwenye misimu ya mwanzo ya toleo la Marekani: diski zake husomwa pande zote mbili. Hazina picha juu, ila maandishi madogo yanayozunguka tundu, na huna upande wa kuuwekea kidole. Zikichafuka, picha inaganda katikati ya sehemu. Futa kwa kitambaa laini kuanzia tundu kwenda ukingoni, usizungushe mkono, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko unakwenda sambamba na njia ya usomaji na deki inashindwa kuuruka. Ukinunua mtumba, kagua pande zote chini ya taa.

Usumbufu huo unalipwa na Lansbury mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1925, akaingia Hollywood akiwa kijana, na filamu yake ya kwanza, "Gaslight" ya 1944, ikampa uteuzi wa Oscar. Studio zikamzoesha kuigiza wanawake waliomzidi umri. Mwaka 1962, katika "The Manchurian Candidate", aliigiza mama wa Laurence Harvey, mwigizaji aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu tu! Basi alipomvaa Jessica Fletcher, mwandishi wa riwaya anayefumbua mauaji, mwaka 1984, akiwa na miaka 58, hakuwa na la kujifunza. Mtazame anaponasa kidokezo: sentensi inakatika, macho yanaganda, kisha tabasamu linarudi kabla mhalifu hajashtuka. Aliteuliwa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kila msimu, mara 12, wakamnyima zote. Aibu yao.

Katika sehemu 264, za kuruka zipo. Msimu wa 6 na wa 7 alipunguza kazi, hivyo baadhi ya visa Jessica anatokea mwanzoni kusimulia, anapotea, anarudi kufunga. Hizo ni chai bila sukari. Toka msimu wa 8 mambo yanachangamka: Jessica anafundisha New York, na baadaye Lansbury anakuwa mtayarishaji mkuu.

Ukiwa na jioni moja tu, weka "The Days Dwindle Down" ya msimu wa 3. Wameichukua filamu ya 1949, "Strange Bargain", wakawarudisha waigizaji wake walewale, Martha Scott, Jeffrey Lynn na Harry Morgan, wakiwa wamezeeka. Vipande vya filamu ya kale vinakuwa kumbukumbu zao, na Jessica anaifungua upya kesi ya tangu enzi hizo.

Filamu nne za baadaye za Jessica, za 1997 hadi 2003, huuzwa pia peke yake. Soma jalada kwanza usije ukalipia mara mbili.