Heshima na utii: si kitu kimoja

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtoto akinyamaza mbele ya mkubwa, watu husema "ana heshima". Mara nyingi wanachokisifu ni utii.

Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, ila kazi zake ni tofauti. Utii unahitaji amri: mmoja anasema, mwingine anafanya. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi aliagiza wakazi wa mitaa 10 ya mji wahame. Watu walifunga magodoro, wakashika njia ya Sake. Ulikuwa utii, na ulifaa, hata kwa asiyempenda gavana. Amri ikiisha, utii nao umekwisha.

Heshima haingoji amri. Mwangalie kijana anayemlipa mama muuza makaa: mkono wa kulia unatoa noti, wa kushoto umeshika kiwiko, kichwa kimeinama kidogo. Hakuna aliyemwagiza. Na kijana huyo huyo anaweza kusema, "Samahani mama, chenji imepungua." Hajatii chochote, wala hajamvunjia heshima.

Ndiyo maana kwa mwanangu natanguliza heshima. Mtoto aliyefundwa utii mtupu humtii yeyote mwenye sauti kubwa, na katika mji huu, wenye sauti kubwa na bunduki tunawajua. Mwenye heshima ataweza kuniambia, "Baba, hilo siwezi," macho ameyainamisha, nami nitakaa nimsikilize hadi amalize.